Spika Mbili, Sauti Moja

Gari letu kuukuu lenye paa la kukunjwa lilikuwa na spika za kiwandani ambazo sponji zake zilikuwa zimeoza. Tukifungua paa, upepo ulimeza sauti yote. Tukanunua spika mpya, tukaziongezea sauti, lakini besi haikusikika. Fundi akacheka: katika mlango mmoja tulikuwa tumegeuza waya, chanya mahali pa hasi. Spika moja ilisukuma hewa, ya pili ikaivuta, sauti nzito zikauana. Akazirudisha waya, akaziba matundu ya mlango, besi ikajaa garini. Ndugu zetu, ni mara ngapi nyumbani tunapaza sauti, kumbe tunavutana tu? Tupatane kwanza, ndipo tutasikika.