MKOPO WA SHAHADA: TUPIME KIPATO PAMOJA NA DENI

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya mikopo ya masomo ya chuo kikuu. Nyuma ya kila ombi la mkopo huo yupo mzazi mwenye matumaini, na nyuma ya mzazi wapo wadhamini waliotoa akiba zao kuwa dhamana. Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, nitachukua shahada moja iwe mfano, nayo ni ile ya elimu ya jinai, ambayo wengine huiita kriminolojia.

Elimu hiyo huchunguza sababu za watu kutenda makosa, jinsi makosa yanavyogunduliwa, na jinsi mkosaji anavyoadhibiwa na kurekebishwa. Si elimu ya kudharauliwa. Sisi wa ushirika, tunaofahamu mizani iliyochezewa na stakabadhi ya kughushi, tunajua thamani ya mtu awezaye kuufuata uhalifu hadi mizizini. Lakini swali la kamati ya mikopo si kama elimu hiyo ni njema. Swali ni hili: deni litalipwa na nani, kwa fedha ipi, na lini?

Kwanza, kipato. Mwenye shahada hii hutazamia kazi katika Jeshi la Polisi, Magereza, Uhamiaji, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, mabenki, au makampuni ya ulinzi. Nafasi hizo huombwa pia na wenye shahada za sheria, uhasibu na sosholojia. Jeshi la Polisi huajiri hata vijana waliomaliza kidato cha nne, na msomi wa shahada naye hupitia mafunzo ya awali. Daktari hali yake ni nyingine, kwani sheria hairuhusu asiyesajiliwa kufanya kazi yake. Kwa hiyo tusihesabu mshahara kwa jina la shahada. Tuuhesabu kwa kazi ambayo shahada hiyo inaifungua, na kwa wingi wa watu wanaoigombea.

Pili, deni la Bodi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Hapo awali makato yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini deni lenyewe lipo pale pale.

Tuchukue mfano. Kijana anadaiwa na Bodi Sh. 10,500,000, naye amepata kazi ya mshahara wa msingi wa Sh. 700,000. Kila mwezi atakatwa Sh. 105,000, na deni litakwisha baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Tena hesabu hiyo inaanza siku atakapoajiriwa, si siku atakapovaa joho.

Tatu, deni la chama. Tuseme mzazi amekopa Sh. 6,000,000 kwa pamoja, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya baki, alipe kwa misimu mitatu. Msimu wa kwanza atalipa Sh. 2,720,000, wa pili Sh. 2,480,000, na wa tatu Sh. 2,240,000. Riba yote ni Sh. 1,440,000. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Misimu hiyo mitatu ni miaka ile ile ambayo kijana yumo darasani, hana mshahara. Atakapoupata, Bodi itakuwa ya kwanza mlangoni. Basi mshahara wa mtoto hauwezi kuwa tegemeo la deni la chama. Kukopa arusi, kulipa matanga; na matanga haya huwafika wadhamini pia.

Kwa sababu hiyo natoa ushauri wa mambo matatu.

La kwanza, palipoandikwa katika fomu "chanzo cha marejesho", Katibu asikubali maneno "mshahara wa mtoto baada ya kuhitimu". Paandikwe mapato yaliyopo leo: mazao, mifugo, duka.

La pili, mwombaji alete barua ya ada kutoka chuoni na taarifa ya mkopo aliopangiwa na Bodi. Chama kikopeshe pengo tu, tena mwaka kwa mwaka. Katika mfano wetu, mzazi akikopa Sh. 2,000,000 kila mwaka na kuzilipa msimu unaofuata, riba ya miaka mitatu itakuwa Sh. 720,000, yaani nusu ya ile ya kwanza.

La tatu, familia ielezwe kwamba zipo njia nyingine. Kijana aweza kutafuta kazi kwanza, kisha akasoma huku akipokea mshahara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Ndugu Wanachama, kamati haina mamlaka ya kumchagulia mtoto somo, wala sikuja hapa kuwavunja moyo vijana. Mwenye wito wa kazi hiyo na aende. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kabla ya mzazi kutia sahihi, amesomewa hesabu yote kwa shilingi, pamoja na wadhamini wake, nao wameielewa. Mali bila daftari huisha bila habari.