Anayekoroma Hajisikii

Leo twataka kusema juu ya jambo linalochekwa sana sebuleni lakini huliliwa chumbani, nalo ni kukoroma.

Sisi tunaohudumu Eastlands, kutoka Kaloleni na Makongeni hata Umoja na Kayole, twazijua nyumba zetu. Jamaa wengi hulala katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba akikoroma, mama husikia, watoto husikia, na jirani wa ng'ambo ya ukuta naye husikia. Mwenyewe tu ndiye asiyesikia, na akiambiwa hudhani anasingiziwa.

Basi mke aliyekesha huenda kulala na watoto, na mume hujiuliza moyoni, "Amenichoka?" Wengine hutujia wakisema shetani ameingia katika ndoa. Tukiwasikiliza twaona hakuna aliyemwacha mwenzake. Wamekosa usingizi tu.

Lakini kuna kukoroma kusikopasa kuchekwa. Mtu hukoroma, kisha ghafula kimya. Koo limejifunga, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka ashtuke akitweta. Wengine hupatwa hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa. Mke aliye macho hungoja pumzi irudi, naye anaogopa. Asubuhi mume ana kichwa kizito na hasira za karibu. Atasinzia kazini, atasinzia hata kanisani (nasi wachungaji tusikimbilie kusema ni dharau). Akiwa dereva, abiria wake wamo hatarini. Huu ni ugonjwa, si uchawi wala uvivu, nao mara nyingi huandamana na shinikizo la damu.

Tafsiri ya kale ya Kiyunani yasema nabii Yona alikoroma ndani ya merikebu. Nahodha hakumcheka, alimwamsha.

Unene, pombe na kulala chali huzidisha shida hii, na wengine hupata nafuu wakilala ubavu. Tena iko mashine ya kusukuma hewa kwa kifuniko cha puani ili koo lisijifunge, aliyoieleza daktari Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981. Bei yake ni kubwa kwa wengi wetu, lakini si kila mgonjwa huihitaji. Anzeni na zahanati iliyo karibu, muulize kama inafaa kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Baba, usiende peke yako. Daktari atauliza usiku wako ulivyo, na ajuaye ni mama.