Umeme wa Cahora Bassa na Thamani ya Ulinzi

Umeme unaofuliwa katika bwawa la Cahora Bassa, mkoani Tete nchini Msumbiji, husafiri kilomita 1,420 hadi karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Katika mkondo geu, mitambo ya ncha zote mbili sharti iende kwa hatua moja, kama askari katika gwaride. Njia ikirefuka na mzigo ukizidi, pembe baina yao hupanuka. Ikipita nyuzi 90, hatua huvunjika. Aidha, msongo wa umeme hushuka upande wa mlaji hata gridi ikazimika.

Ndiyo maana wahandisi walichagua mkondo mnyoofu, usiodai hatua moja. Wakasimika safu mbili za minara, zilizoachana takriban kilomita moja, ili moja ikipatwa na ajali nyingine ibaki. Umeme ukaanza kuuzwa mwaka 1977.

Lakini katika miaka ya 1980 wapiganaji wa RENAMO waliangusha mamia ya minara, na safu zote mbili zikanyamaza. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Hata hivyo, njia hiyo ilifufuka mwishoni mwa miaka ya 1990 tu.

Mhandisi aliushinda ukomo wa pembe na msongo. Ukomo wa usalama hakuuweza peke yake. Nchi jirani zinazounganisha gridi zao leo hazina budi kukumbuka kwamba mnara uliosimama porini hulindwa kwanza na amani, kisha na askari aliye macho pamoja na mwanakijiji anayemwamini.