Njia ya Baiskeli Kuzunguka Ziwa Edouard
Mazungumzo na familia zilizokimbia vita pamoja na viongozi wa mtaa, Rughenda, Butembo

Leo ni siku ya soko. Mtu aliyeacha soko ili asikilize maneno ametoa kitu, na sisi hatutaki kumpotezea.

Mlituita tuongee juu ya ugomvi wa baiskeli. Kwa wale ambao hawakuwapo, tukumbushe kwa ufupi. Vijana waliokimbia kutoka kusini mwa Lubero walikuja na baiskeli zao, kwa sababu ndizo mali waliyoweza kukimbia nayo: godoro juu, masufuria pembeni, mtoto katikati. Walipofika hapa Rughenda walitafuta kazi wanayoijua, yaani kubeba mizigo. Wenyeji waliozoea kubeba samaki wa Kyavinyonge waliona bei ya kubeba ikishuka. Ndipo kijana mmoja mkimbizi alipouliza mbele ya watu: "Njia ya ziwa inapita wapi, na barieri ziko ngapi?" Wenzake wa hapa wakamshika wakisema ni mpelelezi. Alifungiwa siku 2 mpaka wazee wakaenda kumwombea.

Tumelifikiria sana swali la kijana yule. Mfanyabiashara yeyote wa baiskeli lazima aulize hivyo hivyo. Asiyeuliza njia anapotea, anaporwa, au anaingia katika hifadhi ya Virunga bila ruhusa na kukutana na walinzi, au na kiboko, na sijui nani kati yao atamsikiliza zaidi. (Samahani, wazee wanacheka, lakini kiboko si wa kuchekwa usiku.) Kwa hiyo tunataka tulijibu swali lile hapa, mbele ya wote, mchana.

Tuzunguke ziwa kwa mdomo.

Tutoke hapa Butembo. Njia ya karibu ni ile inayopanda kupitia Kyondo kisha inashuka hadi Kyavinyonge. Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,700, na ziwa liko chini, karibu meta 900. Maana yake kwenda ni breki na kurudi ni kifua. Wanaoifanya kazi hii wanajua: kijiti kimoja kinafungwa kwenye usukani, kingine nyuma ya kiti, na mtu anasukuma mzigo akitembea kwa miguu. Baiskeli yetu ni ya kusukumwa kuliko kupandwa. Samaki wakichelewa njiani wanaharibika, kwa hiyo barieri moja inayomweka mtu saa 3 inamla faida yote hata kama hawakumdai franka.

Anayetaka kuzunguka anapita Beni, kilometa 54 kutoka hapa, kisha anashika barabara ya Kasindi, karibu kilometa 80. Kazi ya lami kwa makubaliano ya Kongo na Uganda ilianza upande huo mwishoni mwa mwaka wa 2021. Lakini wale waliokimbia Beni wanajua kwamba lami haizuii panga: mauaji ya raia katika eneo lile yamewafukuza watu tangu mwaka wa 2014.

Kasindi unavuka mpaka, unaingia Mpondwe, Uganda. Unaenda mashariki, unavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa Edouard na Ziwa George, kisha unateremka kusini kupitia hifadhi ya Queen Elizabeth hadi Ishasha. Hapo unarudi Kongo. Nyamilima, Kiwanja, halafu kaskazini katika tambarare ya Rwindi. Upande wa kulia kuna njia ya kwenda Vitshumbi, kwa wavuvi. Mbele kuna mlima wa Kabasha. Kila mtu aliyesukuma mzigo pale anajua mahali ambapo mtu anakaa chini na kujiuliza kwa nini alizaliwa. Juu ni Kanyabayonga. Kisha Kayna, Kirumba, Kaseghe, Alimbongo, Lubero, na unarudi Butembo. Hiyo ndiyo duara nzima. Njia ya kando ya maji upande wetu wa magharibi hakuna, maana milima inaangukia ziwani. Kuna vijia tu vya kushuka hadi kwenye vijiji vya wavuvi.

Sasa tunaomba kitu. Nani hapa amewahi kusukuma baiskeli kutoka Kanyabayonga hadi Lubero? Inueni mikono. Vizuri. Mnaona, karibu wote ni wakimbizi. Nani amefika Kyavinyonge na kurudi na mzigo? Sasa ni wenyeji wa Butembo. Nani amekaa Kasindi? Wale wamama 3, na baba yule mwenye kofia. Vitshumbi? Mama mmoja, asante. Basi katika uwanja huu kuna duara yote ya Ziwa Edouard. Hakuna mmoja anayeijua yote, lakini tukikaa pamoja tunaijua. Na yule anayedhani kwamba mwenzake ni mgeni wa njia, ni mgeni wa nusu tu.

Katika nchi nyingine watu wanazunguka ziwa kwa kujifurahisha. Ziwa Léman, kwenye mji wa Geneva, lina njia ya baiskeli ya karibu kilometa 180. Mtu anatoka Uswisi, anaingia Ufaransa, anarudi Uswisi, na wenye nguvu wanaimaliza kwa siku 1. Ziwa lile ni la nchi 2 kama letu. Hatusemi haya ili tuwatamanishe. Tunasema kwa sababu mara nyingi tunasikia "mpaka ndio unatuua", na pale mpaka upo.

Kwetu duara ilikatwa vipande. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka wa 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na Kirumba baada yake. Mwezi wa 8 ikawa Ishasha. Wengi wenu mlianza safari yenu siku hizo. Lakini mtukumbushe kama tunakosea: kabla ya bunduki kufika, je, baiskeli zilikuwa zinapita vizuri? Wazee wa Kayna walituambia hapana. Walisema tayari kijana wa kabila fulani alikuwa anaogopa kulala kijiji fulani, na aliyekuwa na rafiki wa kumpokea mizigo alikuwa amempoteza. Wakati wa vita ya 1998 hadi 2003 barabara zilikuwa mbaya zaidi, malori yalilala, na bado baiskeli zilitoka mbali sana, hata upande wa Kisangani, kule wanakoita baiskeli za abiria "toleka", yaani "tupite". Walipita kwa sababu kila kituo walikuwa na mtu wa kuwalaza.

Hapa lazima tukiri kosa letu wenyewe. Mwaka uliopita tuliona tusaidie. Tuliandika karatasi yenye majina ya wasafiri wa baiskeli 14, kijiji alikotoka kila mmoja, na muhuri wa shirika letu. Tulifikiri muhuri utawafungulia barieri. Kwenye barieri ya tatu wenye silaha waliisoma ile karatasi wakaiona kama orodha ya wapiganaji waliotumwa. Mbona majina mengi pamoja? Mbona vijiji vyote ni vya upande wa adui? Walichukua mizigo yote na baiskeli 5. Hakuna aliyeuawa, tunamshukuru Mungu, lakini kijana mmoja alipigwa na hadi leo mkono wake haunyooki vizuri. Mama yake yuko hapa. Mama, tulikuja kwako kuomba msamaha, na leo tunaomba tena mbele ya watu. Baiskeli 3 zimerudishwa. Kwa zile 2 bado tunatafuta pesa, na hatutasema zimelipwa kabla hazijalipwa.

Waliopita vizuri mwezi ule ule ni vijana 2 tu, mwenyeji wa hapa na mkimbizi wa Kirumba. Hawakuwa na karatasi. Mwenyeji alikuwa na shangazi Kyondo, na shangazi alimjua mkubwa wa wavuvi. Kwenye kila barieri mwenyeji alisema: "Huyu ni mwenzangu, tunakula sahani moja." Na ilikuwa kweli, maana familia ya mkimbizi inalala nyumbani kwao.

Kwa hiyo tunapendekeza tujaribu hivi, na ninyi mtengeneze. Baiskeli zitoke 2 kwa 2, mwenyeji na mkimbizi, na faida igawanywe kwa namna waliyokubaliana kabla ya kutoka, mbele ya mashahidi. Bei ya kubeba isishuke chini ya ile itakayowekwa na pande zote mbili. Wamama wauza samaki wawepo siku ya kuiweka, kwa maana wao ndio wanaolipa. Anayeuliza njia aletwe kwa wazee, aulizwe jina na kwao, kisha ajibiwe. Asifungwe. Na kama kuna shaka ya kweli juu ya mtu, shefu wa mtaa aijue siku ile ile, si kesho yake baada ya fimbo.

Jambo la njia za kusini tuliache kwanza. Vijana wengine wanataka kurudi kuchukua mavuno yao. Tunaelewa njaa hiyo, lakini hatuwezi kumwambia mtoto wa mtu apite mahali ambapo sisi wenyewe hatupiti. Wanaotaka kwenda wakae na wale walioinua mikono kwa Kanyabayonga, wasikie habari za wiki hii, si za mwaka jana.

Tumesema mengi. Baba mwenye kofia amenyoosha mkono tangu tulipotaja Kasindi, tunadhani tumekosea kitu. Baba, karibu, sema.