Mikebe Mitatu ya Maneno
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sori)



Leo tuongee juu ya Kiswahili. Wengi wetu tumelelewa na Dholuo, na nyumbani inatosha. Lakini mnunuzi akitoka Shirati au Musoma, mambo yanabadilika. Mbuta yeye anaiita sangara, ngege anaiita sato, na omena yetu kwake ni dagaa. Mama asiyejua maneno haya anatafuta mtu wa kumsemea, na huyo msemaji naye anataka chake katika kila gunia. Tena, tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ofisini una haki ya kukitumia.

Sasa, kujifunza neno si shida. Shida ni kulisahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe, na mwaka 1885 akaandika kwamba tunasahau upesi sana saa na siku za kwanza, halafu polepole. Basi neno lirudiwe mapema, kisha uliache muda mrefu zaidi kila mara.

Turudie namna gani? Mwingine ananakili orodha nzima kila jioni. Ni kazi nzuri, lakini nzito: mtu ametoka ufuoni amechoka, wiki ya pili ameacha. Mwingine anapitisha macho tu kwenye daftari. Hiyo ni rahisi, lakini inadanganya. Ukiliona neno unadhani unalijua. Mnunuzi akija, halitoki mdomoni.

Chagueni njia ndogo ambayo hata siku ya uchovu itafanyika. Sebastian Leitner alieleza njia ya kadi na sanduku katika kitabu chake cha 1972. Sisi tutumie mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia.

1. Kata vipande vya karatasi ngumu. Upande mmoja andika Dholuo, wa pili Kiswahili. Usiandike neno peke yake. Andika "kikapu kimoja, vikapu viwili", maana Dholuo haina ngeli kama hizi.

2. Mkebe wa kwanza fungua kila siku, wa pili Jumatano na Jumamosi, wa tatu Jumapili tu.

3. Soma Dholuo, sema Kiswahili kwa sauti, ndipo ugeuze. Ukipata, kadi iende mkebe unaofuata. Ukikosa, irudi wa kwanza, hata kama ilishafika wa tatu.

Dakika 5 zinatosha, huku ukilinda omena yako ikikauka. Maneno mapya 10 kwa wiki ni 520 kwa mwaka. Mkebe wa kwanza ukijaa sana, usiongeze mapya mpaka upungue.

Je, asiyejua kusoma? Achore picha: samaki, mzani, mtumbwi. Jibu atasikilizwa na mtoto wake au jirani.

Na kwenye kikundi, siku ya mchango, kila mmoja ampime mwenzake kadi 3 kabla ya pesa kuhesabiwa. Anayekosa asichekwe. Akichekwa leo, kesho atanyamaza mbele ya mnunuzi, na hasara itakuwa yetu sote.

Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tujaze gorogoro.