MOSHI WA MAGARI NDANI YA VITUO VYA ZIMAMOTO

(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Mitwero na pwani ya Lindi)



Mwananchi wa Mitwero aonapo moto, iwe ni nyumba ya makuti iliyoshika au gari lililopinduka katika barabara iendayo Kilwa, hupiga simu namba 114 na kutazamia askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wafike upesi. Huwaona ndani ya moshi wa moto huo na kuwahurumia. Moshi asiouona ni ule ambao askari hao huweza kuuvuta kituoni, siku baada ya siku, wakati hakuna moto popote.

Askari wa zamu hukaa kituoni usiku na mchana. Katika vituo vingi vya mtindo wa zamani, ukumbi wa magari na chumba cha kulala hutenganishwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe aghalabu huwa wazi. Kila asubuhi dereva huwasha injini, hukagua pampu, taa na king'ora, kisha huiacha injini iungurume mpaka matangi ya breki yajae upepo, kwani lori zito la breki za upepo haliondoki kabla ya hapo. Dakika hizo chache zatosha kuujaza ukumbi moshi. Jioni gari likirejea kinyumenyume, moshi hujaa tena. Alama yake ni masizi meusi ukutani, usawa wa bomba la moshi. Palipo na alama hiyo hapahitajiki kipimo ili hatua zianze kuchukuliwa.

Moshi wa dizeli hubeba chembe za masizi ambazo nyingi hazifikii sehemu moja ya elfu ya milimita. Hupita puani bila kizuizi na kutua ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi huo katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Juni 2012 liliondoa shaka hiyo: moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2022 shirika hilo liliitaja kazi yenyewe ya uzimamoto kuwa yenye kusababisha saratani, kwa kuhesabu mambo yote ambayo askari hukutana nayo kazini, na moshi wa magari ukiwa mojawapo.

Ni kweli kwamba mwaka 2015 viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viliweka kikomo cha salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Hilo limepunguza ubaya wa moshi, halikuufuta. Magari ya zimamoto nayo hutumika miaka mingi kuliko magari mengine, na injini kuukuu haifanywi mpya na mafuta safi.

Katika nchi zenye uwezo, bomba la moshi la gari huvishwa mpira mkubwa uliounganishwa na feni inayoutoa moshi juu ya paa. Gari likiondoka, mpira huo hujifyatua wenyewe mlangoni, hivyo hoja kwamba kinga humchelewesha askari haina msingi. Kompresa ndogo ya umeme nayo huweza kuyaweka matangi ya breki yakiwa yamejaa saa zote, injini ikawa haina sababu ya kuunguruma ndani.

Hata pasipo na fedha za vifaa hivyo, gari laweza kutolewa nje kabla ya ukaguzi wa asubuhi. Mkazi akiliona likinguruma uwanjani asidhani mafuta ya Serikali yanachezewa. Mlango wa chumba cha kulala ufungwe na uwe wa kujirudisha wenyewe. Makoti ya kuzimia moto yasitundikwe karibu na bomba la moshi. Pampu ndogo na jenereta za petroli zisiwashwe ndani kabisa, kwa maana hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, inayoweza kuua kwa muda mfupi.

Pwani hii ina neema ya upepo, na hakuna baridi ya kumlazimisha mtu kufunga milango. Lakini upepo huo hauna upande mmoja: kusi huvuma kutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Bweni likijengwa bila kulitazama jambo hili, nusu ya mwaka litapokea moshi wote wa ukumbini. Wachoraji wa majengo wanapaswa kulifikiria sasa, hasa kwa kuwa mradi uliopangwa wa kuchakata gesi asilia huko Likong'o utahitaji ulinzi wa moto ulio imara.

Wajibu wa mwajiri umo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, kwa Tanzania Bara. Zanzibar inayo Sheria yake, Namba 8 ya mwaka 2005. Askari anayeumwa kichwa, kuwashwa macho au kukohoa baada ya injini kuwashwa ndani aandikishe jambo hilo katika daftari la kituo siku hiyo hiyo, pamoja na saa na namba ya gari, na mkuu wa zamu atie saini.