Neno Uchawi Mbele ya Sheria: Kutoka Amri ya 1928 hadi Kharumwa

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza jambo la lugha ambalo limegharimu uhai wa watu. Jambo lenyewe ni namna neno moja, uchawi, lilivyoingizwa katika sheria ya Tanganyika, na namna linavyoeleweka pale sheria hiyo inapofika kijijini. Mahali palipochaguliwa kuwa kielelezo ni Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita. Kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012, eneo hili lilihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza, nalo linapakana na nchi ya Shinyanga. Wenyeji wake wengi ni wakulima na wafugaji, na wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshuka katika maduara. Nyumbani husemwa Kisukuma, barazani na katika Mahakama ya Mwanzo husemwa Kiswahili, ilhali sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Basi tuhuma moja hupita katika lugha tatu kabla haijapata hukumu.

Yafaa kuanza na sheria. Serikali ya Waingereza ilitunga amri ya kwanza juu ya uchawi mwaka 1922, kisha ikaibadili kwa amri nyingine mwaka 1928. Amri hiyo ya pili ndiyo iliyorithiwa baada ya Uhuru, na katika marejeo ya sheria ya mwaka 2002 inaitwa Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Kenya ilipata amri yake mwaka 1925, na Uganda ikapata sheria yake mwaka 1957. Chimbuko la fikra zake ni Uingereza. Huko, sheria ya mwaka 1735 ilifuta zile za kale zilizowanyonga wachawi, ikaweka badala yake kosa la kujidai kuwa na uwezo huo. Yaani mtunga sheria wa Kiingereza alikwisha kuacha kuamini uchawi, naye alikusudia kumwadhibu mlaghai.

Sura ya 18 inabeba alama ya fikra hiyo. Tafsiri yake ya uchawi inakusanya ulozi, urogaji, matumizi ya zana za uchawi, na kule kudai kuwa na nguvu au elimu ya siri. Katika kipengele hicho cha mwisho uzito wote umo katika kitenzi kudai. Kikiwepo, anayeshtakiwa ni mtu aliyejigamba kwa nguvu asizokuwa nazo. Kikiondolewa, sheria inakiri kwamba nguvu hizo zipo. Kwa Kiswahili cha barazani, kitenzi hicho huanguka mara moja. Husemwa kwa ufupi, "Fulani ameshtakiwa kwa uchawi," na msikilizaji huondoka akiamini kwamba Serikali nayo inajua kuwa wachawi wapo. Sheria iliyotungwa kuikanusha imani hugeuka kuwa shahidi wake.

Ugumu wa pili umo katika mipaka ya maneno. Msukuma hutenga bulogi, yaani kazi ya kudhuru, na bufumu, yaani kazi ya kutazamia na kuponya. Kiswahili nacho hutenga uchawi na uganga, na huheshimu uganga kiasi kwamba daktari mkuu wa wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na msimamizi wa zahanati huitwa Mganga Mfawidhi. Amri ya 1928 haikuuweka wazi mpaka huo. Tunguri moja yaweza kuwa chombo cha tiba mkononi mwa mganga na zana ya uchawi mbele ya askari. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimpa mganga wa jadi usajili na baraza la kumsimamia, lakini Sura ya 18 ikabaki kando yake, kila moja ikisema lugha yake.

Kati ya uganga na uchawi limesimama neno la tatu, ramli. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha mchanga uliochorwa ili kusoma mambo yaliyofichika. Katika mikoa ya Ziwa, vyombo vya dola na magazeti vimeliongezea sifa, likawa ramli chonganishi. Maana yake ni ile ramli inayomtaja jirani, shangazi au mama mkwe kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, kifo cha mtoto au duara lisilotoa dhahabu. Istilahi hii imezaliwa na haja ya watu wenyewe, nayo ni sahihi kuliko maneno ya 1928, kwani inataja tendo linaloua, yaani kuchonganisha.

Na kuua kumekuwako kweli. Uchunguzi wa Serikali uliohusu miaka ya 1970 hadi 1984 ulihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Wengi walikuwa vikongwe, na mara nyingi ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, yaliyowekundishwa na moshi wa jiko la miaka mingi. Mwaka 1976 dola ilijaribu nguvu. Mamia ya watu walikamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Mwezi Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya mambo hayo. Hapo ilionekana kwamba nguvu pasipo sheria inayoeleweka huongeza maiti.

Mahakama nazo zilipambana na neno hilihili. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Fabiano Kinene kutoka Uganda, ilikubali kwamba waliomkuta mzee akitambaa uchi usiku karibu na nyumba yao walikuwa wameghadhibishwa ghafla, hivyo kosa likashuka kutoka mauaji ya kukusudia. Mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa, mahakama hiyo ilikaza kwamba kuamini uchawi peke yake si utetezi. Kanuni hiyo inamkinga kikongwe kuliko Sura ya 18 yenyewe, kwa sababu haiulizi kama yeye ni mchawi. Inauliza muuaji ametenda nini.

Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshtua taifa kuanzia mwaka 2007, yalirudisha swali hilo. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzuia kazi za waganga wa jadi, na mwaka 2015 zuio lingine likatangazwa. Yote mawili yaliwakumba wenye kuponya pamoja na wenye kuchonganisha, kwa kuwa sheria haikuwa na neno la kuwatenga. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamuru Tanzania kuirekebisha Sheria ya Uchawi ili kuondoa utata kati ya uchawi na tiba asili.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hapo ndipo wajibu wa wanaisimu unapoanza. Mfasiri wa Sura ya 18 atakayeandika uchawi palipoandikwa kudai uchawi atakuwa amemhukumu bibi wa Nyang'hwale kabla hajafikishwa kizimbani. Sheria iliyo salama ni ile itakayotaja matendo: kumtaja mtu kuwa mchawi, kupiga ramli chonganishi, kumfukuza mtu kijijini, kumtishia, kumdhuru. Matendo hayo yanaonekana kwa macho na huthibitishwa kwa mashahidi. Uchawi hauna shahidi, na macho mekundu hayathibitishi chochote ila moshi.